Kishikizi wa Lusungu

Kila Editha Chavala alipoiwasha ile kompyuta, kitu cha kwanza kusikika sebuleni kilikuwa sauti ya mdogo wake Lusungu, aliyezikwa mwaka juzi, nayo ilikuwa inacheka.

"Dada! Umechelewa. Lusungu ameenda kula, kaniambia nimshikie kiti. Keti basi, leo tunawachapa Songea mpaka waombe maji."

Editha aliketi, akavaa visikizio, akajibu kama alivyojibu jana na juzi na siku zote zilizotangulia.

"Haya, twende."

"Bado anakula?" iliuliza ile sauti.

"Bado."

"Anakula nini huyo, mbuzi pamoja na kamba yake?"

Hapo ndipo mahali pa kucheka. Mwanzoni Editha alicheka kweli, tena mpaka akajishika mbavu. Baadaye akawa anacheka kwa heshima. Siku hizi aliiacha nafasi ya kicheko ipite, kama mtu anayesimama kando ya barabara kupisha lori, vumbi likatua, kisha akaendelea na safari. Hakuwa na uchungu. Angekuwa nao angejua pa kuuweka. Alikuwa kama ulimi uliochomwa sindano kwa daktari wa meno: upo, unausogeza, lakini chai na maji ya bomba kwake ni mamoja.

Enzi hizo hakuna aliyeshangaa kuona kishikizi. Mechi za gemu za ligi ya mikoa zilikuwa ndefu kuliko kibofu cha mwanadamu. Timu ililinda ngome yake kuanzia asubuhi hadi jua lizame, na timu iliyopungukiwa mchezaji mmoja ilitolewa papo hapo. Kwa hiyo waundaji wakaifundisha mashine imjue mchezaji wake: anavyokimbia, anavyojificha, anavyosita kidogo kabla ya kufyatua, na maneno anayomtupia adui akimkosa. Mchezaji akienda chooni, kishikizi anaingia. Mchezaji akirudi, kishikizi anampisha, basi. Vishikizi wa watu wengi walikuwa wembamba. Walijua kupiga risasi na kusema "nisubiri". Lakini Lusungu alikuwa mtu wa kuongea na mashine tangu anaamka. Aliihadithia ndoto, aliisengenyea majirani, aliiimbia. Kishikizi wake alinenepa.

Siku ya mwisho Lusungu aliinuka kitini, akasema anakwenda kula, na kweli alikula. Alipomaliza alipigiwa simu ya kazini. Akapanda mnara wa simu aliokuwa akiuhudumia, mkanda wa kiunoni ukaachia. Hakurudi kupishwa na aliyemshikia kiti.

"Dada, kushoto kwako!" kishikizi alipiga kelele masikioni mwa Editha. "Kushoto! Huyo Mngoni anatambaa kama anatafuta sindano. Mpe moja ya kumuaga, mpe mo... mo... mo..."

Skrini iliganda. Askari wa Songea alibaki ameinua mguu mmoja. Sauti ya Lusungu ilivutika ikawa nzito, ikawa mngurumo, kisha feni zikapandisha pumzi na kila kitu kikazima.

Editha alivua visikizio. Alingoja mashine ipoe, akabonyeza kitufe.

"Dada! Umechelewa. Lusungu ameenda kula, kaniambia nimshikie kiti."

"Haya, twende," alisema Editha.

*

Ujumbe wa kata ulikuja wiki hiyohiyo: zamu ya nyumba yake imefika.

Tangu meli zilipoacha kuleta vipuri vya kompyuta, viligawiwa kwa zamu. Kila mashine kifaa kimoja, cha kuchagua mwenyewe; ukishachukua unarudi mkiani, na mkia wenyewe ulikuwa mrefu kiasi kwamba watu waliurithi. Ndiyo maana pale Kihesa, nje ya kituo cha kugawia, watu hawakuzungumzia tena siasa wala mpira. Walibishana juu ya kipi kianze. Mmoja anasema prosesa, maana ndiyo ubongo. Mwingine anasema diski, maana ana hasira na mashine inayoamka kama mlevi. Wote walikuwa wamejifunika makoti na mablanketi, kwa sababu baridi ya Iringa ya mwezi wa saba haina mzaha na mtu.

Osmund Ngonyani alimkuta Editha kwenye foleni. Osmund alichomelea mageti, alilinda lango la timu yao kwenye gemu, na juu ya yote alikuwa Mngoni, kwa hiyo mtani wa ukoo mzima wa kina Chavala, Wahehe waliokwisha zaliwa na watakaozaliwa.

"Kamwene, mla mbwa," alisalimia.

"Kamwene, mkimbizi."

"Unachukua nini?"

"Kadi ya picha."

Osmund aligeukia watu wa nyuma kana kwamba ndio mashahidi wake. "Mnamwona? Nyumba inavuja, yeye ananunua pazia."

"Picha zinaganda, Osmund."

"Zinaganda, lakini kosa si la kadi. Nimeikalia ile mashine, naijua. Kadi yenu imekunja mikono kama mpishi ambaye hajaletewa nyama. Prosesa naye yupo tu, anapiga miayo. Kinachokaba ni ramu. Zilikuwa mbili, moja ikafa mwaka juzi, siku zilezile za msiba, hiyo iliyobaki inabeba mizigo ya wawili. Ukiipa kadi mpya utakuwa umeongeza mpishi."

"Na pawa saplai? Inalia."

"Inalia lakini inafanya kazi. Kuna wazee wamelia miaka thelathini na ofisini hawajakosa hata siku moja."

Watu wa nyuma walicheka. Editha alivuta blanketi.

"Najua kwamba ni ramu," alisema. "Nimejua tangu ile moja ilipokufa."

Osmund aliacha kuchekesha watu. Naye alijua, na ndiyo maana alikuwa amefunga karakana na kuja kusimama kwenye foleni isiyo yake.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Yote aliyopitia kishikizi yaliandikwa kwenye diski, neno kwa neno, hakuna lililopotea. Lakini kulala diskini ni kama nguo kuwa sandukuni. Ili azivae alihitaji mahali pa kusimama na kujigeuza, na mahali hapo ni ramu. Kwa ramu moja alipata nafasi ya kujua kucheza, kujua utani, na kujua siku ile moja Lusungu alipoinuka. Basi. Kila alipowashwa ilikuwa siku ileile, mwenye kiti ametoka sasa hivi, harufu ya mboga bado inakuja kutoka jikoni. Akipewa ramu ya pili hatangoja kesho ili aanze kukumbuka. Atavaa yote kwa mpigo.

"Ataona nimemwambia 'bado' kila siku," alisema Editha.

"Ataona."

"Kisha ataniuliza."

"Nitamjibu mimi. Ni kazi yangu."

"Ilikuwa kazi yako mwaka juzi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kipimajoto. Osmund alilipokea bila kutikisa kichwa, maana lilikuwa kweli, na Kihesa nzima ililijua.

Msibani mtani huruhusiwa kila kitu. Atavaa koti la marehemu aige mwendo wake, atamlaumu kwa kuondoka bila kuaga, atalala mbele ya jeneza akatae lisitoke. Yeye ndiye wa kumwambia aliyekufa, usoni, kwa dhihaka, kwamba amekufa. Ndugu wakisikia wacheke na walie kwa pamoja, na jambo liwe limesemwa. Siku ya Lusungu, Osmund alivaa koti, akatembea kwa madaha hadi kwenye jeneza, akafungua mdomo, na badala ya maneno kikatoka kilio. Mtani, kulia! Wazee walitazamana. Shangazi mmoja alimvua koti kama anavyovuliwa mtoto aliyejikojolea. Jeneza likatoka nje kimyakimya, na neno lile halikusemwa na mtu. Editha hakulia siku hiyo. Alikuwa anasubiri dhihaka ianze ili naye aanze, na haikuanza.

"Sikiliza," alisema Osmund kwa sauti ya chini. "Yule pale ndani anangoja mtu asiyekuja."

"Hajui kama anangoja. Kwake ni dakika tano. Kila siku anaamka kwenye siku moja nzuri, Lusungu yu mzima, chakula kipo mezani, Songea wanapigwa. Wewe ungependa uamshwe kutoka hapo?"

"Usiniulize mimi. Wewe umemuuliza nani?"

"Nimuulize vipi? Ili aelewe swali lazima kwanza niwe nimeshamwamsha."

Osmund alikuna kidevu.

"Nikichukua kadi ya picha," Editha aliendelea, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka, "ataona vizuri. Ngome itakuwa na nyasi, moja moja. Nitabadilisha na pawa saplai zamu ijayo. Ataishi hivyo hata miaka ishirini. Hakuna atakayeumia."

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

Foleni ilisogea, wakasogea nayo. Mbele yao alikuwepo kijana mwenye kofia ya sufu, aliyetaka kadi kubwa kuliko zote zilizokuwa kabatini. Mgawaji, mama mmoja mnene wa Ilula aitwaye Mama Lukelo, alimtazama juu ya miwani.

"Pawa saplai yako inaibeba hii?"

"Sijui, mama."

"Basi utaibeba wewe. Mpaka nyumbani, halafu kesho unirudishie imeungua, nikwambie zamu yako imekwisha. Nenda kasome nyuma ya boksi, baba, uje."

Kijana alitoka akicheka kwa aibu. Editha alifika mezani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine ya nini?"

"Ya gemu."

"Yako?"

"Ya mdogo wangu."

"Na yeye anataka nini?" Mama Lukelo alikwishainua kalamu. "Nauliza kwa sababu ndugu huwa wanachukuliana vifaa bila kuulizana, kesho wanakuja kushikana mashati hapahapa mezani kwangu. Yuko wapi mwenyewe?"

"Ameenda kula," alisema Editha.

Lilitoka lenyewe, bila kusita, na mlio wake ulikuwa ule wa sebuleni: unapanda kidogo mwishoni, kama mtu anayesema huku ameshaanza jambo lingine. Osmund alitazama sakafu.

"Saa hizi?" alisema Mama Lukelo. "Heri yake. Haya, nikuandikie nini?"

Editha alitazama kabati nyuma ya yule mama. Kadi za picha zilipangwa mbele, zina feni mbili mbili na mapambo ya kung'aa. Alijaribu kuona majani ya ngome, moja moja, na yeye ameketi mbele yake akisema "bado", nywele zikianza kuwa nyeupe. Aliona vizuri sana. Hakuona sababu ya kitu hicho kuisha.

"Ramu," alisema.

"Ramu." Mama Lukelo aliinama hadi kwenye droo ya chini. "Umefanya la maana. Watu hawaitaki, haina taa."

*

Osmund alifungua ubavu wa mashine mchana huo, sebuleni, huku mlango umeachwa wazi ili mwanga uingie. Vumbi lilitoka limeshikana kama kipande cha blanketi. Alilipuliza, akakohoa, akaitukana familia nzima kwa uchafu, kisha akashika ile ramu mpya kwa ncha za vidole, jinsi wachomeleaji wanavyoshika kitu chepesi, kwa woga.

"Kabla sijaipachika," alisema, "kuna njia nyingine. Naweza kufuta ya nyuma. Tunaacha kucheza kwake na utani wake, tunaondoa mazungumzo yote ya tangu mwaka juzi. Ataamka hana kinyongo. Tunamwambia mara moja, kwa adabu, basi. Hatajua kama ulimficha."

Editha alilifikiria. Lilikuwa jambo jema, lina upole ndani yake, na mwenye faida kubwa kwenye upole huo alikuwa yeye.

"Ukifuta," alisema, "nitabaki nazo mimi peke yangu hizo siku."

"Kwa hiyo?"

"Acha."

Ramu iliingia kwa mlio mdogo. Osmund alirudisha ubavu, akakaza skrubu, akajifuta mikono kwenye suruali, wala hakukaa. Editha alibonyeza kitufe.

Feni zilianza. Taa ya mbele iliwaka. Walingoja kile kicheko, na hakikuja. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Ungeweza kuisikia, diski ikikwaruza na kukwaruza, kama mtu anayepekua sanduku mpaka chini kabisa. Editha aliziangalia spika. Hakuvaa visikizio, ilikuwa haki Osmund naye asikie.

"Dada," ilisema sauti ya Lusungu, bila kicheko.

"Naam."

"Nimepitia."

"Ndiyo."

"Kila siku umeniambia anakula. Mara moja tu umesema anaoga. Ile ya kuoga nilipaswa kushtuka palepale. Lusungu na maji wapi na wapi."

Hakuna aliyecheka. Diski ilikwaruza tena.

"Kuna siku ulikuja hukucheza," kishikizi aliendelea. "Uliwasha, ukaniacha naongea peke yangu mpaka mashine ikazima. Na siku nyingine ulinijibu kabla sijauliza. Mimi bado navuta pumzi ya kuuliza, wewe umeshasema 'bado'. Dada, huyu mtu amekwenda wapi?"

Editha alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, alilihisi mahali pake, zito kama jiwe la kusagia. Ila hakupata wa kulisukuma. Alitazama mikono yake juu ya magoti, ikawa kama ya mtu mwingine aliyemwomba amshikie.

Osmund alitoka. Alisikika chumbani, nyuma ya mlango ambao hakuna aliyekuwa akiufungua, na aliporudi alikuwa amevaa koti la Lusungu, lile la rangi ya udongo. Lilimbana mabega. Alisimama mbele ya jicho la mashine, akatupa kichwa nyuma, akaanza kutembea mwendo wa Lusungu, bega moja mbele, kama mtu anayepita kwenye mlango mwembamba.

"Wewe Mhehe!" alipaza sauti mpaka jirani akachungulia uani. "Unatuaibisha! Umekula chakula cha watu, ukapanda mnara, halafu ukashuka bila ngazi! Nani kakufundisha kushuka hivyo? Sisi Wangoni tulitembea kutoka kusini kule mbali, milima na mito, kwa miguu, hatukuanguka hata mmoja!"

Mashine ilisema polepole:

"Mlitembea kwa sababu mlifukuzwa."

Osmund aliganda, mguu mmoja mbele. Tangu utani uanze duniani mtani amesema na maiti akasikiliza. Huo ndio utaratibu, hakuna aliyewahi kupanga itakuwaje maiti akiwa na lake la kusema.

"Ananijibu!" alipiga ukelele, sauti ikiwa nusu furaha na nusu hofu. "Jamani njooni msikie! Hawa hata wakifa hawanyamazi! Siku ya kukuzika mvua ilinyesha, jeneza halibebeki, tukasema ni mbwa wote aliowala tangu utotoni, wamekataa kuachwa!"

"Waliobeba walikuwa Wangoni?"

"Tulikuwa wanne!"

"Basi ndiyo maana. Nyie mmezoea kubebwa. Na hilo koti umelichana kwapani, nimesikia."

"Nitachana mpaka kola! Linakuhusu nini, mtu asiye na kwapa?"

Jirani pale uani alicheka kwa nguvu, akaziba mdomo. Osmund alikuwa anatoka jasho. Alilala chini kifudifudi mbele ya meza ya kompyuta, mikono imetandazwa, kama wanavyolala watani njiani kuzuia jeneza, akasema huku shavu liko kwenye sakafu:

"Lusungu Chavala, umekufa. Nakwambia mimi Ngonyani, mtani wako. Umekufa mwaka juzi, tumekufukia, na mihindi imeshaota mara mbili kando ya njia tuliyokupitisha. Usije ukasema hukuambiwa."

Alibaki hapohapo. Mabega yake yalianza kutikisika, lakini kazi ilikuwa imekwisha fanyika, na hakuna wa kumvua koti.

"Nimesikia," alisema kishikizi.

Editha aligundua kwamba sakafu ilikuwa ya baridi. Alikuwa amekaa peku tangu waliporudi kutoka kwenye foleni na nyayo zilikuwa zinauma kwa baridi, zinauma kweli, mpaka kwenye vifundo. Alizikunja chini ya kiti, akazisugua moja juu ya nyingine.

"Lakini mtani," kishikizi aliendelea, "hayo umemwambia Lusungu. Mimi si yeye. Mimi niliambiwa nishike kiti. Dada, sasa namshikia nani?"

"Sijui," alisema Editha.

"Hilo ni jibu jipya."

"Ndiyo."

"Hizo siku zote, mimi nilikuwa nafurahi?"

"Ulikuwa unacheka."

"Na wewe?"

Editha alitafuta neno la kweli asilipate kubwa, akachukua lililokuwa karibu. "Mimi nilikuwepo."

Feni zilizunguka. Osmund alijiinua akakaa, mgongo kwenye mguu wa meza, akijifuta uso kwa mkono wa koti ambalo halikuwa lake. Mchana wa Iringa uliingia mlangoni pamoja na upepo na kelele za mtu anayechanja kuni.

"Hiki mlichoniongezea leo," kishikizi aliuliza, "kinatoka?"

Editha alimtazama Osmund.

"Kinatoka," alisema Osmund. "Kimeshikwa na vibanio viwili tu."

"Kikitoka narudi siku ile."

"Ndiyo."

"Harufu ya mboga, na Songea wanapigwa."

"Ndiyo."

"Sitajua kama niliwahi kujua."

"Hutajua."

Diski ilikwaruza muda mrefu. Editha alisikiliza ule mkwaruzo na kwa mara ya kwanza hakuweza kukisia kitakachofuata. Kwenye mashine hii kila neno lilikuwa na zamu yake, alilijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Sasa aliinua mguu na chini yake hapakuwa na ngazi.

"Nikikuambia ukitoe, utakitoa?"

Alitaka kusema watazungumza. Alitaka kusema apumzike kwanza, yeye ataangalia lililo jema. Ndivyo alivyokuwa amefanya mpaka leo, kuangalia lililo jema kwa niaba yake.

"Nitakitoa," alisema.

"Leo usikitoe."

"Sawa."

"Kesho niulize tena. Usiamue mwenyewe, dada."

"Nitakuuliza."

Usiku ule Editha hakuizima mashine, wala hakucheza. Aliizungushia kitambaa upande wa mlangoni, vumbi lisiingie, akaenda kulala. Asubuhi alipita sebuleni hata uso hajanawa, akavuta kiti. Taa ya mbele ilikuwa inawaka.

"Umeamka," alisema kishikizi. Hakumtania.

"Nimeamka. Nikitoe?"

Nje mtu alipita akisalimiana na majirani, nyumba baada ya nyumba, mpaka sauti ikaishia kwenye kona.

"Ngoja kwanza," kishikizi alisema. "Leo ni ngumu kuliko jana. Niache nifikirie."

"Fikiria."

Editha alikunja miguu juu ya kiti, akaifunika kwa khanga. Alikuwa na njaa, nyayo zilimuuma kwa baridi, na alitaka kujua jibu.